Je, wajua ni kwa nini barua zikipungua gharama za posta hazipungui?

Ukiingia katika ofisi ya posta iliyo karibu na Mnara wa Saa mjini Arusha, utaziona safu za milango midogo ya chuma, kila mmoja ukiwa na namba yake na tundu lake la ufunguo. Miaka ya tisini, nikiwa mwanafunzi, baba alinituma kila Jumamosi kwenda kufungua sanduku letu, na mara nyingi nilikuta bahasha zimebanana hata ikanibidi kuzichomoa moja moja: barua ya mjomba kutoka Tanga, taarifa ya benki, ankara ya umeme, na mwaka mmoja, barua ya kunijulisha shule niliyopangiwa. Mwezi uliopita nililifungua sanduku lile lile nikakuta bahasha mbili, zote za kiofisi, wala hakuna hata moja iliyoandikwa anwani kwa mkono.

Watu wengi wakiulizwa kwa nini mashirika ya posta duniani yanahangaika kifedha hujibu kwamba simu imeua barua. Jibu hilo ni la kweli, lakini halijamaliza swali. Mwuza nyanya wa soko la Kilombero akiona wateja wamepungua, kesho yake hununua matenga machache zaidi, na matumizi yake hushuka pamoja na mauzo. Kwa nini posta isifanye vivyo hivyo?

Jibu linapatikana katika hesabu ya Mwingereza Rowland Hill, aliyechapisha hoja yake ya kurekebisha posta mwaka 1837. Wakati ule bei ya barua ilitegemea umbali na idadi ya karatasi, na aghalabu mpokeaji ndiye aliyelipa. Hill alikokotoa akagundua kwamba kuisafirisha barua moja kutoka London hadi Edinburgh, mwendo wa zaidi ya kilomita 600, kuligharimu sehemu moja tu ya 36 ya peni. Fedha nyingi zilikuwa zikimalizwa na kazi ya kupokea, kuchambua, kuandika hesabu na kukusanya malipo mlangoni kwa mtu. Kwa hiyo alipendekeza bei moja kwa nchi nzima, ilipwe mapema na mtumaji, na mwaka 1840 Uingereza ikatoa stempu ya kwanza, ya peni moja. Ukiongeza barua katika gunia ambalo tayari linasafiri, gharama haipandi kwa kiasi cha kuhesabika, na ndiyo sababu posta iliweza kuwa rahisi kiasi cha kutumiwa hata na maskini.

Hesabu hiyo hiyo sasa inasomwa kinyume. Ikiwa kuongeza barua hakuongezi gharama, basi kuipunguza nako hakupunguzi kitu. Tuchukue mfano wa gari linalobeba magunia ya barua kutoka Arusha kuelekea wilaya ya mbali kama Ngorongoro. Dereva hulipwa mshahara ule ule, mafuta huungua kiasi kile kile, na karani anayengoja mwisho wa safari hukaa kaunta saa zile zile, gunia liwe limejaa au liwe na barua tatu. Kilichopungua ni stempu zilizokuwa zikilipia safari hiyo, na mtandao wenyewe umebaki na ukubwa wake.

Jambo la pili ni wajibu. Shirika la posta la taifa hutakiwa kumfikia kila mtu kwa bei moja: barua ya Moshi, ambayo ni mwendo wa kilomita 80 hivi kutoka Arusha, na barua ya Kigoma zenye uzito mmoja hulipiwa sawa. Maana yake ni kwamba njia zenye watu wengi huzibeba njia zenye watu wachache, na utaratibu huo hudumu pale tu ambapo posta ingali na njia zenye faida. Nenda stendi yoyote ya Arusha asubuhi utaona faida hiyo ilikokwenda. Kijana hupokea boksi, huandika kwa kalamu ya wino mzito jina na namba ya simu ya mpokeaji, hukata risiti, na jioni mzigo huwa umeshafika Dar es Salaam. Ni huduma nzuri, nami huitumia, na wenye mabasi wanaobeba vifurushi wanatakiwa kuwa na leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA. Lakini basi halina wajibu wa kwenda mahali pasipo na abiria. Posta imebaki na wajibu wote, huku sehemu kubwa ya faida ikiwa imehamia kwingine.

Hapa kwetu historia iliongeza mzigo. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, Tanzania iliunda shirika lake la posta na simu likiwa kitu kimoja, na mapato ya simu yaliweza kuziba pengo la barua. Benki ya Posta, ambayo leo ni sehemu ya Benki ya Biashara Tanzania, ilitengwa kwa sheria ya mwaka 1991. Kisha simu nazo zikatengwa, na tarehe 1 Januari 1994 Shirika la Posta Tanzania likaanza safari peke yake. Mwaka 2008 M-Pesa iliingia nchini, na mtu aliyekuwa akimtumia mama yake fedha kwa njia ya posta akaanza kuzituma akiwa ameketi nyumbani. Kwa maoni yangu, mabadiliko haya yana uzito kuliko lawama tunazowatupia makarani wa kaunta, kwa sababu karani hodari kiasi gani hawezi kurudisha mapato yaliyokwisha kuhamishwa kwa sheria na kwa teknolojia.

Wala si shida ya nchi changa peke yake. Huduma ya Posta ya Marekani, ambayo kwa kawaida hujiendesha kwa mauzo yake bila fedha za kodi, ilibeba barua za daraja la kwanza zipatazo bilioni 103 mwaka 2001. Mwaka 2024 zilikuwa takriban bilioni 44. Katika kipindi hicho milango ya kufikiwa ilizidi kuongezeka, kwa takriban milioni moja kila mwaka, na sasa imepita milioni 160. Sheria ya mwaka 2006 iliitwisha mzigo wa kutenga mapema fedha za matibabu ya wastaafu wake, takriban dola bilioni 5.5 kwa mwaka katika miaka kumi ya kwanza, na sharti hilo lilifutwa mwaka 2022. Hata baada ya kufutwa, hasara ya mwaka wa fedha 2024 ilifika dola bilioni 9.5. Denmark yenyewe ilichukua hatua kali zaidi. Baada ya barua kushuka kutoka bilioni 1.4 mwaka 2000 hadi milioni 110 mwaka 2024, posta yake iliamua kuacha kabisa kugawa barua mwishoni mwa mwaka 2025 na kubaki na vifurushi.

Je, sisi tufuate njia hiyo? Mimi naona hapana, kwa sababu Denmark ni nchi ndogo yenye barabara nzuri na kampuni nyingine zilizo tayari kuibeba kazi hiyo, ilhali kwetu posta ikiondoka katika wilaya ya mbali huenda asije mwingine. Zipo dalili za njia nyingine. Operesheni ya anwani za makazi ya mwaka 2022 iliipa mitaa majina na nyumba namba, kwa hiyo kifurushi kinaweza sasa kuelekezwa nyumbani kwa mtu badala ya kuishia sandukuni. Baadhi ya ofisi za posta zimeanza kuwa vituo vya Huduma Pamoja, ambapo mwananchi hupata huduma za taasisi kadhaa za serikali chini ya paa moja. Hilo ni jambo la busara, kwani jengo, umeme na karani tayari vinalipiwa, na kila kazi inayoongezwa hapo hunufaika na hesabu ile ya Hill.

Hata hivyo, vifurushi na huduma za kaunta havitatosha kulipia njia ya Ngorongoro. Nchi imeshakubali kwamba minara ya simu vijijini, mahali ambapo kampuni hazioni faida, ijengwe kwa msaada wa Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote. Sioni sababu ya gunia la barua na dawa linalokwenda huko huko kuachwa litegemee stempu za mjini ambazo hazinunuliwi tena. Suala hili lina mahali pake hapa Arusha, kwa kuwa Umoja wa Posta Afrika, ulioanzishwa mwaka 1980, una makao yake makuu mjini humu, katika jengo la ghorofa 17 lililozinduliwa Septemba 2023. Hesabu ambayo ningependa kuiona ikiwekwa wazi, kabla ya ofisi yoyote kufungwa kwa sababu ya hasara, ni ya kila njia peke yake: inagharimu kiasi gani kwa mwaka, inahudumia watu wangapi, na nani mwingine angeipita iwapo gari la posta lingeacha kwenda.