Goma hakuna barafu, ila tiyo inapasukia chini

Vitabu vya ufundi vya nchi za baridi hutaka tiyo ya maji ifukiwe karibu mita 1 au zaidi. Huko ardhi huganda, maji yakiwa barafu hutanuka asilimia 9 hivi, tiyo ikapasuka. Goma ardhi haigandi. Usiwachoshe watu na mtaimbo ukitafuta mita nzima ndani ya lava, mawe yaliyomwagwa na volkano Nyiragongo mwaka 2002. Mimi uani nachimba sentimita 40, na 60 panapopita gari. Adui wetu ni jiwe.

Jiwe la lava lina kona kali. Likigusa tiyo ya plastiki ya polietileni, linaisukuma mahali pamoja mchana na usiku, na presha ya ndani nayo inasukuma kutoka upande wake. Ufa huanzia ukuta wa ndani, mkabala na jiwe, ukatokea nje baada ya miezi au miaka. Ndiyo maana tiyo mpya kabisa haimsaidii mtu aliyeilaza juu ya mawe.

Dawa ni mchanga uliochekechwa: sentimita 10 chini ya tiyo, 15 juu yake. Kwa mtaro wa upana wa sentimita 30 na urefu wa mita 50, tiyo ya milimita 32, andaa mita za ujazo 4 na robo. Lakini lava ina nyufa, na mvua ya kwanza itaumeza mchanga wako wote. Ziba nyufa kwa kokoto kwanza, kisha pasua mifuko ya sandarusi uitandike chini na kuipandisha kando za mtaro. Hatua hii ndiyo inayorukwa kuliko zote, na ni ya bei rahisi kuliko zote.

Laza tiyo ikipindapinda kidogo, na ikaze kwenye viungo asubuhi, ingali baridi. Polietileni hufupika takriban milimita 0.2 kwa kila mita kwa kila digrii inayoshuka. Iliyochomwa na jua hadi digrii 45 ikipoa ardhini hadi 20, mita 50 zinapungua sentimita 25, kiungo kinachomoka.

Kabla ya kufukia, toa hewa, pandisha presha hadi mara 1.5 ya ile ya kazi. Mshale wa kipima presha utashuka kidogo mwanzoni kwa kuwa tiyo inatanuka. Ongeza, kisha subiri saa moja uone kama unashuka tena.

Usiseme utaona baadaye kama inavuja. Kwenye udongo wa Bukavu uvujaji huleta matope. Kwenye lava maji hupotelea nyufani, juu pakabaki pakavu. Maji yakikatika, tundu hilo hilo linafyonza uchafu, kwa hiyo pitisha tiyo mbali na shimo la choo. Kila mwezi funga robine zote usiku, andika namba ya konteri, isome tena alfajiri kabla mtu hajachota; ikiwa imepanda, tiyo inavuja.