Kupima mwendo wa mashua kwa kamera ya matukio na nyuroni za mipigo

Ukiielekeza kamera ya kawaida kwenye mlango wa bahari ulio kati ya Lamu na Manda, itakupa picha kamili 30 kila sekunde hata kama kitu pekee kilichosogea ni tanga la mashua moja, na yaliyopita katika zile milisekunde 33 baina ya picha na picha hayatajulikana. Kamera ya matukio haipigi picha. Kila piseli hukumbuka, kwa kipimo cha logi, mwanga ilioupokea ilipotoa taarifa mara ya mwisho. Mwanga ukipanda au ukishuka hadi kuvuka kizingiti, piseli hutoa tukio lenye mahali, wakati kwa mikrosekunde, na alama ya chanya au hasi. Pasipobadilika kitu, hunyamaza.

Msingi wa fikra hii uliwekwa na Misha Mahowald na Carver Mead, waliounda huko California retina ya silikoni, yaani chipu inayoiga utando wa jicho unaopokea mwanga. Mwaka 2008 Patrick Lichtsteiner, Christoph Posch na Tobi Delbruck walichapisha kihisi cha piseli 128 kwa 128 chenye uwezo wa desibeli 120 wa kuona giza na mwanga mkali kwa pamoja, ambao katika mji wetu si jambo dogo, kwa kuwa kamera iliyowekwa kwenye kichochoro huona kwa wakati mmoja kivuli kizito na ukuta mweupe unaopigwa na jua.

Wataalamu wengi huyakusanya matukio hayo, huyageuza kuwa picha, kisha huulisha mtandao wa neva wa kawaida, yaani programu inayojifunza kwa mifano. Matokeo yao ni mazuri, lakini mimi naona wanatupa kile hasa kilichotafutwa, yaani wakati. Nyuroni ya mipigo, yaani ile inayoiga seli ya ubongo kwa kutuma ishara fupi fupi, haihitaji picha. Ni kama mtungi unaovuja: kila tukio huongeza kiasi, kiasi hupungua chenyewe, na kikifika kizingiti nyuroni hupiga mpigo mmoja na kuanza upya.

Chukua ukingo wa tanga unaopita piseli ya kwanza, kisha baada ya milisekunde 20 ukapita piseli nyingine iliyo mbali nayo kwa piseli tano. Kasi yake ni piseli 250 kwa sekunde. Ukichelewesha ishara ya piseli ya kwanza kwa milisekunde 20, ishara zote mbili zitaifikia nyuroni kwa pamoja, nayo itapiga; mashua ya kasi nyingine, au inayorudi upande ulikotoka, haitaifikisha kizingiti. Hapa uvujaji ndio wenye uamuzi. Mtungi ukiisha kuvuja ndani ya milisekunde chache, nyuroni huchagua kasi vizuri. Ukiuacha uvuje polepole kwa milisekunde 50, nyuroni hiyo hiyo itapigia mashua karibu zote, na kipimo kitakuwa hakina maana. Hivyo huwekwa nyuroni nyingi, kila moja na ucheleweshaji wake na mwelekeo wake.

Nyuroni inayotazama sehemu ndogo ya ukingo ulionyooka huona tu mwendo unaoukata ukingo, si ule unaoufuata, kwa hiyo tabaka la juu la nyuroni hulazimika kuunganisha kauli za majirani wengi, hasa wale walioiona pembe ya tanga. Tabaka hilo hilo husaidia dhidi ya adui mkubwa wa pwani, mmeto wa maji. Kusi ikivuma na jua likiwa juu, viwimbi hutoa matukio mengi kuliko mashua yenyewe, na mengine yana mwendo wa kweli, ule wa mawimbi. Kupandisha kizingiti cha piseli hupunguza kelele hiyo, ila hufuta pia mashua iliyofifia kwa mbali. Naona ni heri kudai makubaliano ya eneo pana kwa muda mrefu zaidi kidogo.

Kufundisha mtandao huu ni kugumu kwa sababu mpigo hauna mteremko wa kihesabu wa kuonyesha marekebisho yaelekee wapi, hivyo wakati wa mafunzo huwekwa mteremko wa badala ulio laini. Mwaka 2024 watafiti wa Delft, Uholanzi, walieleza droni iliyoruka kwa kamera ya matukio na mtandao wa mipigo uliokuwa kwenye Loihi, chipu ya Intel iliyoundwa kwa ajili ya nyuroni za mipigo. Chipu ndiyo muhimu: kwenye kompyuta ya kawaida mtandao huu huigizwa tu, na umeme hauokolewi ipasavyo. Anayetaka kuweka kifaa cha sola juu ya boya na aanze na swali la chipu kabla ya kuchagua kamera.