Lee Boo wa Palau na kitabu cha watoto wa London

Agosti 1783 meli ya Antelope ya Kampuni ya India Mashariki ilivunjika kwenye miamba ya Palau, visiwa vya magharibi mwa Bahari ya Pasifiki. Nahodha Henry Wilson na watu wake wakaunda chombo kingine kwa msaada wa Ibedul, mtawala wa Koror, nao wakampigania kwa bunduki dhidi ya mahasimu wake. Walipoondoka Novemba, baharia mmoja, Madan Blanchard, alibaki Palau, na Ibedul akamtuma mwanawe Lee Boo Uingereza akajifunze. Ulikuwa uhusiano wa pande mbili, kila upande ukiwa na hesabu zake.

George Keate, mwandishi Mwingereza ambaye hakuwahi kufika Palau, aliandika habari hizo mwaka 1788. Mwaka uliofuata Elizabeth Newbery, mchapishaji wa London, akatoa kijitabu cha watoto kuhusu Lee Boo, kikachapishwa tena na tena. Mtoto aliyekisoma alipokea maneno yaliyopita mikono mingi. Kule visiwani mazungumzo yalipitia kwa wakalimani wa Kimalay, kisha yakaingia katika shajara za mabaharia, kwa Keate, na mwisho kwa mfupishaji. Lee Boo mwenyewe hakuacha maandishi.

Mwalimu anayesoma kitabu cha aina hii na wanafunzi asiishie kwenye mshangao wa mgeni. Ni kweli Keate anasimulia kwamba Lee Boo aliliona gari la farasi kama nyumba ndogo inayokokotwa. Lakini huyohuyo anaeleza kuwa kijana alibeba kamba na kuifunga fundo kwa kila jambo la kukumbuka, ili amsimulie baba yake. Hiyo ni kumbukumbu yenye utaratibu, kazi ya mjumbe. Na London ilipomshangilia Mwitaliano Lunardi akipaa angani kwa puto mwaka 1784, Lee Boo aliona ni upuuzi kuruka kama ndege wakati farasi na magari yapo.

Pagumu zaidi ni kifo. Ndui ilimuua tarehe 27 Desemba 1784, akiwa na miaka 20 hivi, na kaburi lake huko Rotherhithe likaandikwa shairi la kumwomba mpita njia machozi. Vitabu vilifuata mkondo huo: mtoto alie, ajifunze upole. Swali la kwa nini hakuchanjwa dhidi ya ndui likapotea humo. Wilson alimwepusha na mikusanyiko, akakusudia achanjwe akishajua Kiingereza cha kutosha kuelewa sababu, lakini ndui ikatangulia. Mai, mgeni kutoka visiwa vya Tahiti aliyefika London 1774, alichanjwa mapema, akapona, na 1777 akarudishwa visiwani na James Cook.