Holmes wa miaka 93 na jina lililoandikwa kwenye shati

Kazi yangu ni wazee wanaosahau. Wiki nzima naketi na watu waliokuwa walimu, manahodha, makarani wa benki, na leo wanahangaika kulitafuta jina la mjukuu aliyewashika mkono hadi mlangoni kwangu. Ndiyo maana filamu ya Mr. Holmes, inayomhusu Sherlock Holmes, mpelelezi maarufu wa hadithini, iliyoongozwa na Bill Condon na kutoka mwaka 2015, nimeirudia mara nne. Wengine huitafutia muuaji. Mimi naitazama kama ninavyomtazama mgonjwa anayeingia: anavyoketi, anavyonyamaza kabla ya kujibu, anachokificha. Nitaisimulia hadi mwisho, basi ambaye hajaiona na hataki kujua, aitazame kwanza.

Ni mwaka 1947. Sherlock Holmes ana miaka 93, anaishi shambani Sussex, kusini mwa Uingereza, na anafuga nyuki. Kustaafu kwenda kufuga nyuki si jambo la filamu hii; Arthur Conan Doyle mwenyewe, mwandishi aliyemtunga Holmes, ndiye aliyempeleka Sussex. Kilichoongezwa, kutoka kwenye riwaya ya Mitch Cullin, ni akili inayoanza kumponyoka mtu ambaye hakuwa na mali nyingine. Anaishi na Bi Munro anayemtunzia nyumba, pamoja na mtoto wa mama huyo, Roger. Watson, rafiki yake aliyekuwa akiandika kesi zake, hayupo tena.

Daktari amempa daftari: kila akishindwa kukumbuka jina au jambo, atie nukta. Kurasa zinajaa nukta. Halafu kuna lile tendo dogo ambalo filamu haikulipigia kelele. Holmes anataka kumtaja Roger, jina haliji, macho yanateremka hadi kwenye pindo la mkono wa shati, na hapo limeandikwa. Ian McKellen, anayemwigiza Holmes, analicheza kwa wepesi wa mtu aliyekwisha kulizoea. Niliposimamisha picha pale nilimkumbuka mzee mmoja aliyekuwa akija kwangu na karatasi ndani ya kofia yake. Kila nikimuuliza swali alivua kofia, akajifuta jasho, akaivaa tena. Ilinichukua miezi kugundua.

Kwa nini majina? Mtu akikwambia yeye ni mvuvi, picha nzima inakuja: ngalawa, nyavu, harufu ya samaki. Akikwambia anaitwa Salum, hakuna picha; jina halina pa kushikia. Kwa hiyo majina hutangulia kuponyoka, hata kwa wazee wazima kabisa. Kusahau jina peke yake si ugonjwa. Ninachokitafuta mimi ni kama nukta zinaongezeka haraka, na kama zinaanza kuangukia mambo ya jana: alikula nini, nani alikuja, dawa amekunywa au bado.

Ujuzi wa mazoea ya miaka mingi, huo hukaa. Filamu imelijua hili vizuri. Roger anakutwa amezimia karibu na nyumba, mwili umejaa alama za kuumwa. Mama yake, kwa uchungu, anakwenda kuichoma mizinga. Ni yule mzee asiyeweza kulitaja jina bila kuchungulia shati ndiye anayeona kilichokosekana: kwenye ngozi ya mtoto hamna miiba. Nyuki wa asali akimchoma mtu, mwiba wake wenye vijino hunasa na kubaki kwenye ngozi, na nyuki mwenyewe hufa. Nyigu huchoma, huchomoa, hurudia. Basi ni nyigu. Mtoto alikuwa anajaribu kuwazamisha kwa maji ili awakinge nyuki wao. Wagonjwa wangu wako hivyo hivyo. Bibi asiyejua leo ni siku gani, mpe ukili uone vidole vinavyosuka mkeka.

Sehemu inayonishika zaidi ni kesi ya mwisho. Miaka thelathini hivi nyuma, Thomas Kelmot alimwomba Holmes amchunguze mkewe, Ann, ambaye mimba zake mbili ziliharibika. Watson aliiandika kesi hiyo ikaisha vizuri. Holmes anajua haikuisha hivyo, maana ndiyo iliyomfanya aache kazi, lakini hakumbuki kilichotokea. Anaandika kurasa mbili tatu, anakwama. Roger anazisoma na kuuliza: kisha ikawaje?

Kliniki tuna kipimo rahisi. Nakutajia maneno machache, tunazungumza mengine, kisha nakuomba uyarudie. Ukishindwa nakupa dokezo: "lilikuwa tunda." Wako ambao dokezo linawafungulia, "ah, embe!" Hao neno wanalo, njia ya kulifikia ndiyo imeziba. Wako ambao dokezo haliwasaidii kitu, kwa sababu neno halikuhifadhiwa kabisa, na hiyo ndiyo sura ya kawaida ya Alzheimer, ugonjwa unaokula kumbukumbu. Holmes, kwa kesi ya Ann, ni wa kundi la kwanza. Anaishika glovu ya yule mama, mtoto anauliza, kipande kinarudi. Kilichoziba njia ni majonzi. Ann hakuwa akipanga kumuua mumewe, kama ilivyoweza kudhaniwa. Alikuwa akimlipa fundi achonge mawe ya kaburi, la watoto na lake mwenyewe. Alimwomba Holmes wabebe upweke wao pamoja. Holmes alimshauri arudi kwa mumewe. Ann alijiua.

Hapo ningependa familia zilizoniletea wazee wao zikae zitazame. Huzuni nzito ya uzeeni huweza kuvaa sura ya ugonjwa wa kusahau, na mara nyingi viwili hivyo hukaa ndani ya mtu mmoja. Holmes anahangaikia dawa: kwanza chakula cha malkia wa nyuki, kisha mmea wa miiba alioufuata hadi Japani, kwenye Hiroshima iliyoungua. Havimsaidii, mmea unamlaza kitandani. Mimi nami huletewa chupa za kila namna, na huuliza kwanza: nyumbani ni nani anakaa naye akamsikiliza bila kumkatiza wala kumsahihisha?

Nina neno moja la kuilaumu. Kumbukumbu ya Ann inarudi safi mno, mandhari nzima hadi mwisho. Maishani hurudi na matundu, na akili huyaziba kwa vitu ilivyojitungia huku mwenyewe akiamini ni kweli tupu. Mpelelezi aliyetegemea ushahidi maisha yake yote angestahili kulitambua hilo.

Lakini tukio la mwisho nimelikubali kabisa. Hiroshima Holmes alimwona mtu amepiga magoti katikati ya duara la mawe, akiwakumbuka waliokufa. Akiwa kwake Sussex, huku Roger akimfundisha mama yake kuhudumia mizinga, mzee anajipangia mawe yake kwenye majani, moja kwa kila aliyempenda na ametangulia. Shati hufuliwa wino ukatoka. Mawe yatakuwa palepale kesho asubuhi, akitoka na fimbo yake.