Ajira katika Balozi za Nje Nchini: Jinsi ya Kuomba, na Kwa Nini Maombi Mengi Huishia Njiani

Malalamiko kuhusu ajira za balozini yamekuwa yakiongezeka, na ni ya aina mbili. Wapo waliotozwa fedha kwa ahadi ya kazi. Wapo pia walioomba wenyewe, wakakaa kimya miezi kadhaa bila jibu, wakahitimisha kwamba nafasi hizo zina wenyewe. Kundi hili la pili ndilo tunaloweza kulisaidia zaidi, maana mara nyingi maombi yao yaliangukia mahali panapoonekana.

Tuanze na nafasi zenyewe. Mkataba wa Vienna wa 1961 kuhusu Mahusiano ya Kidiplomasia, ibara ya 8, unataka wanadiplomasia, kimsingi, wawe raia wa nchi inayowatuma. Mtanzania anayetaka udiplomasia apitie utumishi wa nchi yake, kwa matangazo ya Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma. Kwenye balozi za nje zilizopo Dar es Salaam, nafasi za wenyeji ni za udereva, ufundi umeme, uhasibu, manunuzi, ukalimani, usaidizi wa viza, usimamizi wa miradi na nyingine za aina hiyo. Na kwa kuwa swali hili halichoki kuulizwa: kazi hizo hazikupi viza wala pasipoti ya kidiplomasia, na ubalozi si wakala wa kutafutia watu kazi Berlin au Toronto. Barua ya "naomba kazi yoyote nchini kwenu" haina dawati la kuipokea. Ukiipeleka kwa mkono, mlinzi wa getini atakurudisha nayo, na atakuwa ametekeleza wajibu wake.

Ubalozi wa Marekani hupokea maombi kwa mfumo wa mtandaoni uitwao ERA. Unafungua akaunti, unachagua tangazo kwa namba yake, unajibu maswali ya nafasi hiyo, kisha unapakia vielelezo. Kuwa na akaunti si kuomba kazi. Kila tangazo ni ombi jipya, lenye majibu yake na viambatisho vyake. Cheti ulichopakia mwaka jana kwa nafasi ya udereva hakihesabiki kwenye nafasi ya leo mpaka ukiambatishe tena. Tangazo likisema cheti cha elimu kiambatishwe na wewe usiambatishe, hakuna atakayekupigia simu kukukumbusha.

Soma kwanza mstari wa nani anaruhusiwa kuomba. Baadhi ya nafasi ni za wafanyakazi waliomo tu, nyingine ni wazi kwa wote. Hata zilizo wazi, tangazo huweka bayana kwamba wanafamilia wa watumishi wa Marekani na wanajeshi wastaafu wa nchi hiyo wenye sifa hupewa kipaumbele. Huo ni utaratibu ulioandikwa, si koneksheni ya mtu. Soma pia kama mshahara uliotajwa ni wa mwaka. Wapo wanaouchukulia kuwa wa mwezi, wakaacha kazi zao mapema mno.

Sasa uzoefu. Tangazo likitaka miaka 3, tarehe zako ndizo zitakazohesabiwa. Ukiandika "2019–2021", msomaji hajui kama ulianza Januari 2019 ukamaliza Desemba 2021, ambayo ni miezi 36, au ulianza Desemba 2019 ukatoka Januari 2021, ambayo ni miezi 14. Andika mwezi na mwaka, na kama ilikuwa ya nusu siku, taja saa kwa wiki. Kazi za kujitolea zitaje pia, lakini useme kuwa ni za kujitolea. Hapa ndipo watu wenye sifa kamili hujiangusha, kwa kudhani cheo peke yake kinatosha kueleza. Kama sifa inayotakiwa ni kusimamia manunuzi, neno manunuzi na kazi uliyofanya humo vionekane kwenye maombi yako.

Waingereza wana mfumo wao wa mtandaoni, na uzito wao uko kwenye mifano ya utendaji: kufanya uamuzi, kuwasiliana, kushirikiana, kutimiza kazi kwa wakati. Mifano hiyo ina ukomo wa maneno, na sifa za jumla hazina alama humo. Mwombaji wa kazi ya ghala akiandika "mimi ni makini na ninafanya kazi kwenye presha", hajaeleza kitu. Linganisha na hili:

"Leja ilionyesha vipuri 14 vya jenereta ambavyo havikuwepo kwenye rafu, na ukaguzi ulikuwa baada ya siku mbili. Nilihesabu upya rafu kwa rafu, nikalinganisha hati za kutolea mali za miezi mitatu, nikakuta mbili hazikuingizwa. Nilimwandikia msimamizi nikipendekeza kila hati iingizwe kabla mali haijatoka getini. Hesabu iliyofuata ililingana."

Yamo hali yenyewe, jukumu, alichofanya na matokeo, kwa mistari michache. Angalia pia kwamba ameandika "nilihesabu", si "tulihesabu". Anayesaili anataka kujua mchango wako, timu yako haijaomba kazi.

Tahadhari ya tarehe. Matangazo ya Uingereza yamekuwa na sentensi ndogo kwamba mwisho wa kupokea maombi ni saa 5:55 usiku wa siku iliyotangulia ile iliyoandikwa kuwa siku ya mwisho. Wanaokosa hapo ni wengi na hulaumu mtandao. Tuma siku tatu kabla.

Baada ya usaili hufuata uhakiki wa wadhamini na upekuzi wa usalama, na kwa Wamarekani upimaji wa afya pia. Hatua hizi huchukua wiki, hata miezi. Usiache kazi uliyonayo kwa sababu umesifiwa kwenye usaili. Subiri barua yenye tarehe ya kuanza. Kwa Waingereza, aliyefaulu bila kupata nafasi anaweza kuwekwa kwenye orodha ya akiba kwa miezi 6, hivyo namba ya simu uliyoandika iendelee kupatikana. Ukishaajiriwa, ibara ya 33 ya Mkataba wa Vienna inamtaka mwanadiplomasia anayeajiri wenyeji atimize wajibu wa mwajiri wa hifadhi ya jamii kwao, na hapa kwetu hiyo ni NSSF. Uliza kuhusu michango hiyo na kodi ya mapato kabla ya kusaini. Kinga ya kodi ya mwanadiplomasia haimfuniki dereva wake.

Kuhusu vyeti, tuseme wazi. Kughushi hati ni kosa la jinai chini ya Kanuni ya Adhabu, kifungo chake kinafika miaka 7, na kuitumia hati ya kughushi ukijua hivyo ni kosa pia. Aliyekubadilishia alama za cheti anaweza asiwe kizimbani pamoja nawe.

Na wale waliotozwa: balozi hazitozi hela ya fomu, ya usaili, ya sare wala ya upimaji kwa namba ya simu ya mtu binafsi. Tangazo lililotumwa WhatsApp lifuatilie kwenye tovuti ya ubalozi wenyewe, kwa kuandika anwani mwenyewe badala ya kubofya kiungo ulichotumiwa. Lisipokuwepo huko, halipo. Kama fedha imeshatoka, ijulishe kampuni ya simu mara moja ijaribu kuzuia muamala, usifute meseji wala risiti, ripoti namba ya tapeli kwenda 15040, kisha nenda kituo cha polisi uchukue RB, yaani namba ya taarifa yako. Meseji ukishaifuta, mpelelezi anabaki na maneno yako tu.