Maana ya ndege ya kivita ya maboya

Ndege ya kivita ya maboya ni ile iliyofungwa maboya yenye umbo la mtumbwi badala ya magurudumu, ili iweze kupaa na kutua majini; mara nyingi ilibuniwa kwanza kuruka kutoka nchi kavu. Isichanganywe na ndege mashua, ambayo tumbo lake lenyewe ndilo linaloelea.

Boya la ndege lina kazi zaidi ya kuelea. Ukilitazama kwa chini utaona kidato kimoja, mfano wa ngazi, karibu na katikati yake. Ndege inapokimbia, hewa hupenya nyuma ya kidato hicho na maji yaliyoling'ang'ania boya huachia. Pasipo kidato, injini yaweza kunguruma kwa nguvu zake zote na ndege isibanduke. Aidha, kwa kuwa maboya huchomoza mbele, ndege huelekea kuyumba ubavu hewani, na ndiyo maana mara nyingi mafundi waliiongezea pezi chini ya mkia.

Mfano ulio bora kuliko yote, kwa maoni yangu, ni Nakajima A6M2-N ya Japani, iliyotokana na Zero, ndege maarufu ya kivita ya Wajapani katika Vita vya Pili vya Dunia. Wajapani walipigana katika visiwa vya Pasifiki visivyo na viwanja vya ndege, nao hawakuwa na mitambo ya kutosha ya kuvijenga upesi; kwa hiyo wakaiwekea Zero boya kubwa chini ya tumbo, ambalo pia lilibeba mafuta, na mengine mawili madogo chini ya mabawa. Zilitengenezwa 327. Gharama yake ilikuwa mwendo: kutoka takriban kilomita 533 kwa saa hadi 436, tofauti ambayo rubani anayefukuzwa na adui huihisi mara moja. Tarehe 7 Agosti 1942, ndege za Marekani zilizishambulia zile za Tulagi, katika Visiwa vya Solomon, na kuziteketeza zikiwa zingali majini.

Waingereza nao waliifungia ndege yao ya kivita, Spitfire, maboya mwaka 1942 na kupeleka tatu Misri, zikikusudiwa kutumika katika visiwa vya Ugiriki, lakini Wajerumani waliviteka Kos na Leros kabla hazijaingia vitani. Wamarekani waliirusha ndege yao ya kivita, Wildcat, ikiwa na maboya Februari 1943, kisha wakaiacha, kwa sababu wajenzi wao, wakiwa na matingatinga na mabamba ya chuma yenye matundu, walikuwa tayari wakitandaza viwanja visiwani kwa muda mfupi sana.