Kila mpinzani apewe tabia yake

Watoto wa Langoni huja kwangu baada ya Magharibi kujaribu gemu ya mbio za magari ninayoitengeneza. Lalamiko lao ni moja: "Kaka, mashini hii ina hila!"

Wana haki. Gemu nyingi za mbio huwafunga wapinzani wanaoendeshwa na mashini kwa mpira usioonekana: ukiwaacha mbali huongezewa kasi, ukibaki nyuma hupunguziwa. Mbio hazichoshi, ni kweli, lakini mtoto aliyekata kona kumi bila kosa hupitwa mwishoni na gari ambalo hata halikuwa likionekana. Huo ni uonevu, na mtoto huuhisi hata asipoweza kuueleza.

Halafu kuna kile kitufe kimoja cha "rahisi, wastani, ngumu". Aliyetazama mashindano ya mashua hapa Lamu anajua kuwa ustadi na ujasiri ni vitu viwili. Yuko nahodha anayeujua upepo lakini hulizunguka boya kwa mbali. Yuko mwingine humbana mwenzake hadi matanga yanakaribia kugusana, kisha akakosea kubisha, yaani kugeuza chombo dhidi ya upepo. Basi kila mpinzani nimempa vipimo vitatu: hufunga breki umbali gani kabla ya kona, humwachia mwenzake nafasi kiasi gani, na hukosea mara ngapi akiandamwa. Hicho cha tatu ndicho kinachompa utu. Mfuate kwa karibu raundi mbili, ataanza kuchelewa breki.

Kuipa mashini tabia si wazo geni. Gemu ya mbio Forza Motorsport ya 2005 ilimwezesha mchezaji kuifunza mashini iendeshe kama yeye. Sophy, akili bandia ya Sony iliyowashinda madereva bingwa wa gemu ya Gran Turismo, ilibidi ikatwe alama kila ilipogonga wenzake ndipo ikashika adabu.

Wakicheza wengi kwa intaneti, adui ni ucheleweshaji wa mtandao. Gari la kilomita 200 kwa saa huenda mita 55 kwa sekunde, kwa hiyo sehemu ya kumi ya sekunde ni zaidi ya mita tano: gari zima! Mashini hulazimika kukisia gari la mwenzako liko wapi, na kisio likikosea, mnagongana bila kugusana. Katika gemu yangu, ambaye mtandao wake unachelewa zaidi ya sehemu hiyo ya kumi ya sekunde hugeuka kivuli asiyegongeka. Na mtandao ukimkatikia kabisa, mashini hushika usukani kwa vipimo vilivyochotwa kwenye uendeshaji wake mwenyewe, mpaka arudi.

Juzi mmoja alikatikiwa raundi nzima. Aliporudi alikuta gari lake bado ni la tatu, na wenzake hawakujua kuwa alikuwa ameondoka.